Silikanti: samaki wa kilindi na nyavu za Afrika Mashariki

Silikanti ni samaki mkubwa wa chini ya bahari. Makao yake ni miteremko ya mawe, kule ambako mwamba wa pwani hukatika na kushuka kilindini. Spishi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambayo wanasayansi huiita Latimeria chalumnae, imepatikana Afrika Kusini, Msumbiji, Madagaska, Komoro, Tanzania na Kenya. Aliyekomaa hukaribia urefu wa mita 2 na huweza kupita kilo 90, na jike humzidi dume kwa umbo. Akiwa hai rangi yake ni buluu iliyokoza yenye mabaka meupe. Mabaka hayo hayafanani baina ya samaki wawili, na watafiti huyatumia kumtambua kila mmoja. Akifa buluu hufifia na kuwa hudhurungi. Ndiyo maana waliomwona sokoni tu hawakujua uzuri wake.

Maji anayoyataka ni ya baridi. Juu ya bahari, kutoka Malindi hadi Tanga, maji huwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, lakini silikanti hukaa kwenye maji ya nyuzi 14 hadi 22 hivi, ubaridi unaokaribia ule wa mchana wa mawingu mjini Machakos mwezi wa Julai. Sababu iko kwenye damu yake. Damu hiyo hushika oksijeni vizuri zaidi ikiwa karibu na nyuzi 15. Ikipata joto hulegea, na matamvua yake ni madogo kwa mwili wa ukubwa ule. Samaki anayevutwa kutoka kilindini hadi juu hukosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Wengi waliofika juu wakiwa hai walikufa baada ya saa chache, hata pale walipotunzwa kwa bidii. Kwa hiyo ni joto la maji, kuliko kina chenyewe, linaloamua mahali pa kumkuta. Komoro hukaa zaidi kati ya mita 150 na 250. Mahali ambapo maji ya baridi yako karibu na juu, naye hupanda.

Mchana hujificha mapangoni. Pango moja limewahi kuonekana likiwa na silikanti 14, wamekaa bila kugusana wala kugombana, kila mmoja akipepea mapezi taratibu asisukumwe na maji. Giza likiingia hutoka mmoja mmoja na kuteremka na mkondo, karibu kabisa na sakafu ya bahari, akitafuta samaki wadogo wa kilindi, mikunga, ngisi na hata papa wadogo. Hamfukuzi mnyama mbali. Huelea, na mara nyingine husimama kichwa chini mkia juu kwa dakika kadhaa. Ndani ya pua yake kuna kiungo chenye mifereji iliyojaa utomvu mzito, kinachohisi umeme hafifu unaotoka kwenye miili ya viumbe waliojificha, na yaelekea kile kichwa-chini ni namna ya kukitumia. Mwili wake hutumia nguvu kidogo mno, kwa hiyo chakula kidogo humtosha.

Umbo lake ndilo lililomfanya ajulikane duniani. Mapezi yake mawili ya kifua na mawili ya tumbo hayakushikana na mwili moja kwa moja kama ya changu au nguru. Yamebebwa na vikono vya nyama vyenye mifupa ndani. Akiogelea, pezi la kifua la kulia huenda pamoja na la tumbo la kushoto, kisha hubadilishana, mpango ule ule wa miguu ya mnyama anayetembea. Mkia una sehemu tatu, na ile ya katikati ni kijipezi kidogo kinachochomoza nyuma. Hana pingili kamili za uti wa mgongo. Badala yake lipo bomba nene lenye umajimaji, kuanzia kichwani hadi mkiani. Fuvu lina kiungo kinachouwezesha utaya wa juu kunyanyuka mdomo unapofunguka, na ubongo hujaza sehemu ndogo tu ya nafasi iliyopo. Sehemu iliyobaki ni mafuta. Kifuko ambacho kwa samaki wengi hujaa hewa, kwake kimejaa mafuta pia. Hewa ingebanwa na uzito wa maji kilindini, lakini mafuta humwezesha kuelea bila taabu.

Mabaki ya jamii ya samaki hawa yaliyogeuka mawe yalijulikana na wanasayansi tangu karne ya 19. Yale ya kale zaidi yana umri wa takriban miaka milioni 400, na yale ya mwisho hayavuki wakati wa dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Kutokana na hayo, vitabu vyote viliandika kwamba ukoo huo ulikwisha. Tarehe 22 Desemba 1938, trola iitwayo Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, ilileta katika bandari ya East London, Afrika Kusini, samaki wa mita 1.5 aliyevuliwa karibu na mdomo wa mto Chalumna. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa makumbusho ya mji huo, alimwona katikati ya lundo la papa akakataa kumwacha. Hakupata mahali penye barafu pa kumhifadhi, kwa hiyo samaki alichunwa na matumbo yakatupwa. Mchoro alioutuma kwa J. L. B. Smith, mwalimu wa chuo cha Grahamstown, ulitosha kumfanya Smith atambue ni nani huyo. Mwaka 1939 alimpa jina la kisayansi lenye kumbukumbu ya yule dada na ule mto.

Smith alikuwa na hakika kwamba East London haikuwa nyumbani kwa samaki huyo, na kwamba kwao ni kaskazini zaidi, kwenye maji ya Msumbiji na Afrika Mashariki. Yeye na mkewe Margaret walisambaza vipeperushi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, vyenye picha ya silikanti na ahadi ya pauni 100 kwa atakayemleta. Mwaka 1952 walifanya kazi Zanzibar na pwani ya Kenya wakikusanya samaki. Huko Zanzibar walikutana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kwa jahazi kati ya Unguja na Komoro. Hunt alichukua vipeperushi akaondoka navyo.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, mvuvi Ahamadi Abdallah wa Domoni, kisiwani Anjouan, alimnasa silikanti kwa mshipi usiku. Asubuhi alimpeleka sokoni. Mwalimu Affane Mohamed alimtambua kutokana na kipeperushi, na samaki akabebwa kwa miguu kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu, ambako jahazi la Hunt lilikuwa limetia nanga. Hunt alimtia chumvi, akapata fomalini, kisha akampelekea Smith simu ya maandishi. Smith alimwomba waziri mkuu wa Afrika Kusini, D. F. Malan, ndege ya kijeshi, akaruka hadi Mayotte kumchukua.

Katika masimulizi mengi heshima yote humwangukia Smith na ndege yake. Lakini watu wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyu muda mrefu kabla ya hapo, kwa jina la gombessa. Waliwavua walio wachache, bila kukusudia, walipokuwa kwenye ngalawa usiku wakimtafuta nessa, samaki mwenye mafuta anayeishi kilindi kile kile. Nyama ya gombessa haikupendwa sana kwa kuwa mafuta yake huharisha. Kilichokosekana Komoro kilikuwa taarifa kwamba kuna mtu mahali fulani anayemtafuta. Taarifa ilipofika, samaki alipatikana ndani ya miezi michache.

Serikali ya Ufaransa, iliyotawala visiwa hivyo, baadaye ilizuia watafiti wa nchi nyingine kuwachukua samaki hao. Wanasayansi Jacques Millot na Jean Anthony waliwachunguza huko Paris kwa miaka mingi na kuandika anatomia yao kwa kina. Hunt alipotea baharini mwaka 1956. Hakuna aliyemwona silikanti katika makao yake hadi 1987, pale Mjerumani Hans Fricke na wenzake waliposhuka kwa nyambizi ndogo kando ya kisiwa cha Ngazidja, Komoro, na kumpiga picha za sinema akiogelea. Picha hizo zilimaliza mjadala mmoja: silikanti hatambai juu ya sakafu kwa mapezi yake kama wengi walivyodhani.

Uzazi wake ulieleweka polepole vilevile. Mwaka 1975 makumbusho ya New York yalimpasua jike aliyekuwa amehifadhiwa kwa zaidi ya miaka kumi, yakakuta watoto watano ndani yake, kila mmoja bado ameshikana na kifuko cha kiini cha yai. Basi silikanti hatagi. Mayai yake makubwa huanguliwa tumboni naye huzaa watoto waliokamilika. Mwaka 1991 jike mwingine, aliyevuliwa na trola Msumbiji, alikutwa na watoto 26. Utafiti uliochapishwa 2021, uliosoma miduara membamba kwenye magamba yake kwa mwanga maalumu, ulikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, hukomaa baada ya miaka 40 au zaidi, na hubeba mimba kwa miaka mitano hivi. Jike mmoja akifa wavuni, pengo lake halizibiki kwa muda wa kizazi kimoja cha wavuvi. Kwa yeyote anayefikiria uvuvi wa samaki huyu, hilo ndilo la kwanza kulizingatia.

Kenya ilimpata silikanti wake wa kwanza kurekodiwa mwezi wa Aprili 2001, ndani ya wavu wa trola katika bahari ya Malindi. Alikuwa jike wa mita 1.7 na kilo 77. Taarifa ya kisayansi ilitolewa 2002 na watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mahali alipovuliwa pana uhusiano na bara kuliko inavyodhaniwa. Kaskazini kidogo ya mji wa Malindi ndipo Mto Sabaki humwaga maji yake. Sabaki ni Athi ule ule unaopita Machakos na kuitwa Galana ukishaungana na Tsavo. Mto Thwake nao huuletea maji ya vilima vya Machakos na Makueni. Mvua zikinyesha Ukambani, baada ya siku chache bahari ya Malindi hugeuka nyekundu ya udongo.

Udongo huo una historia yake. Katika miaka ya 1930 mmomonyoko katika hifadhi za Wakamba ulikuwa umetisha kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938, mwaka ule ule wa samaki wa East London, Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kuandamana hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai ng'ombe wao. Serikali ilirudi nyuma kuhusu mifugo, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lawama iliwekwa kwa ng'ombe wa Wakamba, ilhali watu walikuwa wamebanwa kwenye ardhi ndogo baada ya malisho yao kuchukuliwa. Kumbukumbu ya udongo uliopotea ipo hadi leo ndani ya matumbawe ya Malindi. Watafiti waliopima elementi ya bari katika tumbawe moja lenye umri wa miaka 300, na kuchapisha matokeo yao 2007, walikuta kwamba tope la Sabaki lilianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20. Matuta ambayo wakulima wa Machakos wameyachimba tangu wakati huo yamezuia sehemu ya udongo huo, na kazi hiyo inastahili kutajwa katika historia ya bahari kama inavyotajwa katika historia ya kilimo.

Tope hilo, pamoja na lile la Mto Tana, limeufanya mwambao wa Malindi na Ghuba ya Ungwana kuwa mahali pa kamba wengi. Kamba ndio waliovuta trola kwenye mwambao huo tangu miaka ya 1970, na trola ndizo zenye nyavu za kukokota chini. Mvuvi wa mashua wa Malindi mwenye mshipi na dema alikuwa na nafasi ndogo mno ya kukutana na silikanti. Chombo chenye injini na kamba ndefu za chuma kilimfikia.

Tanzania ilifuata mwaka 2003. Mwezi wa Septemba mmoja alivuliwa karibu na Songo Mnara, upande wa Kilwa. Kisha wakaanza kutokea Tanga, hasa Kigombe na vijiji jirani kati ya Tanga na Pangani, kwa wingi ambao haukutarajiwa na yeyote. Kufikia 2005 takriban 20 walikuwa wamerekodiwa katika mkoa huo, wengi wakitoka kwenye kina cha mita 50 hadi 150, karibu na juu kuliko Komoro.

Hawakuhamia Tanga ghafla. Kilichobadilika ni uvuvi. Kwa miongo mingi matumbawe ya Tanga yalipigwa baruti, ingawa sheria inakataza. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wachanga pamoja na kuvunja nyumba yao ya mawe. Mahali palipopigwa mara nyingi hubaki kifusi. Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi ukanda wa pwani ya Tanga, na vijiji vilifunga baadhi ya miamba ili ipumzike, lakini baruti haikukoma. Chewa na changu walipopungua kwenye maji mafupi, wavuvi walisogea nje, kwenye ukingo ambako sakafu huporomoka kuelekea mkondo wa Pemba. Huko waliteremsha jarife.

Jarife ni wavu wa uzi mnene na macho mapana, unaokusudiwa papa na taa wakubwa. Hapo zamani ulitegwa zaidi kwenye maji ya kadiri. Kwa kilindi huongezewa kamba ndefu na vizito vya mawe hadi ukae wima juu ya sakafu, huku boya likibaki juu kuonyesha ulipo. Mashua hutoka alasiri, wavu hutegwa jua likizama, hulala maji usiku kucha na kupandishwa alfajiri. Papa ana soko la uhakika: nyama hukaushwa kwa chumvi na kuuzwa pwani nzima, mapezi husafirishwa Mashariki ya Mbali. Saa za jarife ni saa za silikanti. Anapotoka pangoni usiku na kuteremka na mkondo akiwa karibu na sakafu, huupitia ukuta wa nyuzi asiouona, na vile vikono vya mapezi pamoja na magamba yake magumu yenye miiba midogo hunasa upesi. Alfajiri, watu sita au saba wakivuta kamba kwa mikono, hufika juu akiwa amekwisha kuchoka au amekufa. Mvuvi hapati chochote cha maana kwa nyama yake, na wavu huwa umechanika.

Komoro mambo yalikwenda kinyume. Wavuvi walipopata mashine za kufunga kwenye vyombo walikwenda mbali kuvua jodari, na mshipi wa usiku karibu na ufuko ukapungua. Chombo cha kisasa kilimnusuru samaki mahali pamoja, na wavu wa kisasa ukamwangamiza mahali pengine. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuwalaumu wavuvi wa Kigombe. Walifukuza riziki iliyokimbia, na waliokimbiza riziki hiyo kwa baruti mara nyingi hawakuwa wa kijiji chao.

Miili iliyopatikana Tanga ilihifadhiwa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na kuchunguzwa kwa ushirikiano na Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni jamii iliyojitenga kwa vinasaba na wale wa Komoro na wa kusini mwa Tanzania tangu zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Kabla ya hapo baadhi ya wanasayansi waliwaona samaki wa bara kuwa wapotevu waliosukumwa na mkondo kutoka Komoro. Sasa imejulikana kwamba Tanga wanazaliana wenyewe, na wakiisha hawatajazwa na wageni kutoka visiwani. Mwaka 2013 jinomu yote ya silikanti ilichapishwa, ikathibitisha kwamba ni ndugu wa karibu wa wanyama wa miguu minne, ingawa kambare-mamba, wale samaki wenye mapafu wanaopatikana pia katika maziwa ya Afrika Mashariki, wako karibu zaidi.

Biashara ya kimataifa ya silikanti imekatazwa kabisa chini ya mkataba wa CITES tangu 1989, na spishi hii imewekwa katika orodha ya zile zilizo hatarini zaidi kutoweka. Mwaka 2009 Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye takriban kilomita za mraba 552, inayoanzia kaskazini ya mdomo wa Mto Pangani na kupita jiji la Tanga, pamoja na visiwa vya Toten, Ulenge, Yambe na Karange. Ndani yake jarife la kilindini limepigwa marufuku. Watu wa vijiji vilivyomo wanaendelea kuvua kwa zana zinazoruhusiwa, na mvuvi anayemnasa silikanti kwa bahati mbaya hutakiwa kutoa taarifa.

Hifadhi hiyo imekabiliwa na mipango mikubwa tangu mwanzo. Bandari mpya ilipendekezwa Mwambani, ndani ya eneo lenyewe, na mradi huo ulipingwa na wahifadhi kwa kuwa uchimbaji wa njia ya meli ungemwaga tope kwenye miteremko yenye mapango. Kaskazini ya jiji, Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Upande wa Kenya hakuna hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya silikanti. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, hulinda matumbawe ya maji mafupi, na miteremko ya kilindi alikotoka yule jike wa 2001 iko nje ya mipaka yake.